Foleni ya Mawe Langoni

Katika mtaa wa kilimani, watu walikuwa juu na maji yalikuwa chini. Bomba lilikuwa moja tu, mwisho wa mteremko, na mtaa mzima ulilitegemea. Asubuhi watu walishuka na ndoo tupu. Walipanda na ndoo zilizojaa, huku magoti yakilalamika.

Foleni ya bombani ilikuwa ndefu, kwa hiyo watu wa mtaa walikuwa na utaratibu wao. Mtu hakusimama foleni. Aliweka jiwe. Jiwe lilimshikia nafasi, naye akarudi nyumbani kuwasha moto au kumwogesha mtoto. Kila mtu alilijua jiwe lake. La huyu lilipakwa chokaa, la yule lilivunjika pembe. Hapo mtaani ungeweza kumtukana mtu asubuhi na mkapatana kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukisogeza jiwe lake, umeanzisha vita.

Twiga alikuwa na jiwe jeusi, laini, bapa kama sahani. Jina lake la shuleni lilikuwa lingine, lakini kwa urefu wake mtaa ulimwita Twiga, naye akaitika. Alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, na alifaulu vizuri hesabu na sayansi. Tangu hapo hakupata kazi. Aliteka maji, alimsaidia bibi yake kupika, na mchana alimpelekea baba yake chakula kibandani. Baba yake alikuwa fundi viatu. Mama yake alifariki zamani, na bibi, mama wa baba, ndiye aliyemlea.

Siku zile nchi ilikuwa inakaribia kupiga kura. Swali lilikuwa moja: tuendelee kutawaliwa kutoka ng'ambo, au tujitawale wenyewe? Magari mawili yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani.

Gari la kwanza lilisema: "Pigeni kura ya ndiyo! Uhuru ukija, kila kijana atapata kazi!"

Gari la pili lilisema: "Pigeni kura ya hapana! Wageni wakiondoka, wataondoka na kazi zote!"

Magari hayo yakikutana njia panda, hakuna binadamu aliyeelewa neno. Mbwa tu ndio waliojibu.

Twiga aliliamini gari la kwanza. Baba yake aliliamini la pili. Basi nyumba ile haikuwa na amani.

"Baba, hebu fikiria mitambo ya maji," Twiga alisema siku moja wakiwa wanakula. "Injinia ni mgeni. Msaidizi wake ni mgeni. Anayeshika swichi ni mgeni. Wakiondoka, vile viti si vitabaki vitupu?"

"Na buti za wafanyakazi wa mitambo ya maji nazishona mimi," baba alijibu. "Wageni ndio wanaoziagiza. Wakiondoka, nitamshonea nani? Kuku?"

"Mshonee jongoo, mwanangu," bibi akadakia. "Mteja mmoja tu, utatajirika."

Wote walicheka, hata baba. Lakini kicheko kilipokwisha, ubishi ulikuwa pale pale.

Mtaani palikuwa na kijana aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuzimika. Redio ndiye aliyeleta wazo. Aliwakusanya vijana wenzake, akapanda juu ya ndoo, akasema:

"Jamani, bombani tunashikaje nafasi? Kwa mawe! Sasa uhuru unakuja na viti vya kazi vitakuwa wazi. Tunangoja nini? Twendeni tukashike nafasi!"

Vijana walishangilia. Kila mmoja alichukua jiwe lake, wakateremka mbio hadi kwenye lango la mitambo ya maji. Huko walipanga mawe yao kando ya ukuta. Twiga alikuwa na miguu mirefu, akafika kabla ya wote. Jiwe lake likawa la kwanza.

Mlinzi wa lango aliwatazama. "Mnajenga nini hapa?"

"Hatujengi, mzee," Redio alisema. "Tunasubiri uhuru."

Mlinzi aliyatazama mawe, la kwanza hadi la mwisho. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake.

Twiga alipanda kilima akiimba. "Bibi, nina kazi! Nafasi yangu ni ya kwanza!"

"Hongera, mke mwenzangu," bibi alisema. Ndivyo alivyomtania siku zote. "Utanilipia na mimi nauli ya kwenda kutalii."

Jioni, kabla jua halijazama, jirani yao alikuja na buti lililoachia soli. Jirani huyo alifanya kazi kwenye mitambo ya maji tangu ujana wake, na watu walimwita Bwana Pampu. Hakuwa mtu wa kujishusha. Aliamini kwamba bila yeye jiji lingekauka, na aliwaambia watu hivyo hata msibani.

"Shikamoo, mzee," Twiga alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja na buti kwa baba yako na habari kwako wewe. Kuna darasa linafunguliwa pale kwetu. Darasa la waendesha pampu. Asubuhi ni kazi, mchana ni masomo. Safari hii wasichana pia wanaruhusiwa. Mshahara hakuna, ila chakula cha mchana na nguo za kazi zipo. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa."

"Ahsante, mzee," Twiga alisema kwa adabu. "Lakini mimi nimeshapata nafasi."

"Nafasi gani?"

"Ya kazi. Uhuru ukija naingia. Jiwe langu ni la kwanza pale langoni."

Bwana Pampu, aliyekwisha kupewa chai, aliweka kikombe chini taratibu.

"Jiwe lako limesoma wapi?" aliuliza.

Bibi alicheka hadi akakohoa. Twiga aliinamisha uso. Baba yake alipiga meza kwa furaha.

"Si nilisema? Uhuru hauna kazi yoyote! Mwambie, jirani!"

"Na wewe, fundi, usishangilie mapema," Bwana Pampu alisema. "Nawe umepotea. Mmepotea wote wawili, kila mtu na njia yake. Haya, nipeni chai nyingine niwaelezeni."

Alimiminiwa chai. Alivuta kiti karibu na mlango, mahali penye mwanga.

"Mimi niliingia kule kijana mdogo," alianza. "Nilijifunza haraka. Nikapanda hadi cheo cha msaidizi wa fundi. Hapo nikaambiwa basi. Juu ya hapo hapandi mtu wa hapa. Ni sheria yao. Siku moja akaja kijana mgeni, hana hata ndevu. Mimi ndiye niliyemwonyesha swichi ya taa iko wapi. Mwaka uliofuata akawa bosi wangu."

Alizungusha kikombe mkononi.

"Ile paneli ya swichi kubwa, ndiyo moyo wa mitambo yote," aliendelea kwa sauti ya chini. "Nimeifuta vumbi miaka yangu yote. Sijawahi kuruhusiwa kuigusa nikiwa sina kitambaa mkononi. Inauma, jamani. Inauma sana. Kwa hiyo, fundi, usiniambie kwamba kujitawala si kitu. Mlango ule umefungwa kwa sheria, na nchi ikijitawala inaweza kuibadilisha sheria hiyo."

"Kumbe nami nina haki!" Twiga aliruka.

"Kaa chini, sijamaliza. Mtu akikupa ufunguo wa jiko, amekupa chakula?"

"Hapana. Amenipa jiko."

"Na kuni je?" bibi aliuliza.

"Umesema kweli, mama. Kuni bado, na mpishi bado. Uhuru ni ufunguo wa jiko. Kwanza, hesabuni vile viti vyenyewe. Ukumbi wa pampu hauna viti vingi. Wageni wote wakiondoka leo, watakaoingia ni wachache, na hao wachache lazima wawe wanajua kazi. Vijana wengine wote wenye mawe watabaki nje."

"Sasa yule wa kwenye gari anasema kila kijana," Twiga alisema kwa unyonge.

"Anaahidi asichokuwa nacho mfukoni. Na yule wa gari la pili anatisha watu. Sikudanganyi, fundi. Wageni wakiondoka, wapo watakaopata taabu. Huenda na wewe. Baadhi ya maduka yatafungwa. Miezi ya mwanzo inaweza kuwa migumu. Lakini kazi si sanduku, kwamba mtu atalibeba kichwani akapande nalo meli. Watu bado watakunywa maji. Bado watavaa viatu."

"Kazi mpya zinatoka wapi, basi?" baba aliuliza. Safari hii hakuwa akibisha. Alitaka kujua.

"Zinatoka kwenye mambo yasiyofanywa. Mtaa wetu huu, kwa nini hauna bomba?"

Ilikuwa kama kuuliza kwa nini kilima kiko juu.

"Kwa sababu ramani ya mabomba ilichorwa mbali," Bwana Pampu alisema. "Aliyeichora hajawahi kubeba ndoo kupanda hapa. Tukijitawala, ramani tutachora wenyewe. Tukichora vizuri, patahitajika wachimba mitaro, waunga mabomba, waashi wa matangi. Maji yakifika, huyu atafungua mgahawa, yule atafyatua matofali, mwingine atafua nguo za watu. Hizo ndizo kazi. Tukichora vibaya, au tukiwaachia walafi wachore peke yao, tutakuwa huru na ndoo zetu kichwani."

"Mzee," Twiga aliuliza, "wewe utapiga kura gani?"

"Kura ni siri. Hata mke wangu hajui, na yule mama anajua kila kitu. Wewe piga yako kwa akili yako. Ila kwa kila kura kuna swali moja: wewe utakuwa tayari? Kesho njoo ukaone kile unachokiwekea jiwe."

Kesho yake Twiga alifuatana naye. Walipita kando ya ile safu ya mawe. Mlango wa chuma ulifunguliwa, na Twiga akasahau hata kusalimia.

Ukumbi ulikuwa mrefu, na dari yake ilikuwa juu sana. Pampu zilikaa katika mstari, zimepakwa rangi ya kijani, kila moja kubwa kuliko chumba alicholala yeye na bibi yake. Sakafu ilitetemeka. Mtetemo ulimpanda Twiga kwenye nyayo, ukafika magotini, ukaingia kifuani. Alitaka kusema kitu, lakini mngurumo uliimeza sauti yake.

Walishuka ngazi za chuma. Chini kulikuwa na kisima kipana kama uwanja. Maji yake yalikuwa meusi, yametulia. Mto uliingia humo taratibu, bila kelele, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Juu yake mabomba yalinyonya na kunyonya, wala maji hayakupungua.

Bwana Pampu alimpeleka kwenye bomba kubwa linalotoka nje. Lilikuwa nene, watu wawili wasingeweza kulikumbatia.

"Weka mkono!" alipaza sauti.

Twiga aliweka kiganja. Chuma kilikuwa cha baridi, na ndani yake kitu kikubwa kilikuwa kinapita.

"Unasikia?"

"Nasikia!"

"Hilo ni jiji zima! Chai ya watu, hospitali, viwanda, mtoto anayeogeshwa sasa hivi! Wote wanapita chini ya mkono wako!"

Machozi yalimlengalenga Twiga. Maisha yake yote aliyabeba maji kichwani, lakini hakuwahi kujiuliza yanatoka wapi na nani anayasukuma. Alidhani bomba ni bomba tu. Sasa alisimama mbele ya jambo hili kubwa, lililofanywa na mikono ya watu, mchana na usiku bila kupumzika, na alijiona mdogo. Ajabu ni kwamba hakuumia kujiona mdogo. Alifurahi.

Walipanda tena. Mbele ya paneli kubwa alikaa kijana mgeni. Alitazama geji, yaani saa ndogo inayoonyesha nguvu ya maji. Aliinua kichwa akasikiliza. Akazungusha gurudumu la chuma kidogo sana, kama anayepunguza moto chini ya sufuria. Mngurumo ukabadilika, na sindano ya geji ikasogea.

Twiga alikitazama kiti kile. Ndicho alichokiwekea jiwe. Akajiuliza: leo hii wakiniambia nikae pale, nitafanya nini? Jibu lilikuwa rahisi. Angewaua watu kwa kiu.

"Mzee," alisema walipotoka nje, masikio yakiwa bado yanavuma, "nani anaandikisha watu wa darasa?"

Jina lake liliandikwa siku hiyo hiyo. Kisha alikwenda ukutani, akaokota jiwe lake. Redio alikuwapo, akizilinda nafasi.

"Twiga, umerogwa?" alishangaa. "Ukiondoa jiwe, nafasi imekwenda! Sasa wa kwanza ni mimi!"

"Chukua, kaka. Nakutakia heri."

"Utafanya kazi bila mshahara, halafu sisi tuje kukupita!"

Maneno hayo yalimchoma Twiga, kwa sababu hakuwa na uhakika kwamba ni uongo. Vipi kama Redio alikuwa sahihi? Vipi kama siku ya uhuru lango lingefunguliwa na wote wakaitwa mmoja mmoja kwa kufuata mawe? Alipanda kilima bila kuimba.

Nyumbani aliogopa zaidi. Alidhani baba yake angekataa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama miguuni.

"Kule sakafu ina mafuta," alisema. "Na buti zao zote ni za wanaume. Leta mguu nipime."

Masomo yalikuwa magumu. Siku za kwanza Twiga alirudi na mikono yenye malengelenge na nywele zinazonuka grisi. Alijifunza kufungua vali, ule mlango mdogo wa maji ndani ya bomba, na kuifunga. Alijifunza kusoma geji. Alijifunza dawa ya maji hutiwa kiasi gani, maana ikipungua watu wanaugua, na ikizidi wanaugua pia. Bwana Pampu aliwafundisha jambo gumu kuliko yote: kusikiliza. Aliwafunga macho kwa kitambaa, akawauliza pampu ipi inaumwa. Mwanzoni Twiga alisikia kelele tu. Taratibu kelele ile ikagawanyika. Hii ikawa sauti ya mota, hii ya maji, ile ya mpira uliochakaa. Kila siku alipoingia ukumbini alisimama kidogo mlangoni, akishangaa kama siku ya kwanza.

Kura ilipigwa. Ndiyo ilishinda. Mtaa wa kilimani ulicheza ngoma hadi vumbi likafunika nyumba. Baba hakumwambia mtu alipiga kura gani, na hakuna aliyemuuliza. Miezi ikapita, na siku ya uhuru ikafika.

Siku hiyo injinia mgeni aliwaaga wafanyakazi kwa kuwashika mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa sheria ile. Alipotoka, ukumbi ulibaki na watu wa hapa peke yao. Ulikuwa wakati wa kuwasha pampu ya asubuhi. Wote walimtazama Bwana Pampu.

Alijongea mbele ya paneli. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitambaa cha vumbi, kwa mazoea. Akakitazama. Akakiweka mezani. Kisha mkono mtupu ukashika swichi kubwa, ukaisukuma juu.

Mngurumo ulianza chini kabisa, ukapanda, ukajaa ukumbi. Sindano ya geji ikainuka. Hakuna aliyepiga makofi. Walivua kofia, kama watu walio katika sala. Bwana Pampu, yule mwenye kujisifu, alilia mbele ya vijana wake wala hakujifuta.

Nje ya lango mambo yalikuwa mengine. Vijana walikuwa wamesimama kila mtu nyuma ya jiwe lake. Redio alikuwa wa kwanza, amevaa shati la pasi. Ofisa mpya wa maji, mtu wa papa hapa, alitoka kuwakabili.

"Ndugu zangu," alisema, "nafasi zilizoachwa zilikuwa chache, na zimejazwa na waliosomea kazi. Sina nyingine."

Palizuka kelele. "Tumedanganywa! Gari lilisema kila kijana!"

"Nililisikia gari hilo," ofisa alisema. "Lilidanganya. Mimi sitadanganya."

Wengine walipiga mawe yao mateke. Wengine walikaa chini wakashika vichwa. Redio alisimama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Twiga aliyaona hayo kupitia dirisha, na roho ikamuuma. Wale walikuwa wenzake. Alipopata nafasi alitoka.

"Umekuja kunicheka," Redio alisema.

"La. Nimekuja kukuuliza. Mtaa wetu, kwa nini hauna bomba?"

Redio alishangaa. Twiga alimweleza habari ya ramani, kama alivyoelezwa yeye. "Zamani ramani ilikuwa ng'ambo. Sasa iko mezani kwa baraza la jiji. Na wewe una mdomo ambao hauzimiki. Kwa nini unautumia kwa mawe?"

Redio alifikiri. Kisha aliwageukia wenzake. Siku ile waliacha kusubiri. Walikwenda kwenye baraza wakauliza swali lao. Walirudi wiki iliyofuata wakauliza tena. Wajumbe walikunja nyuso, wakatoa visingizio, wakawaambia njooni kesho. Walikuja kesho. Mwishowe baraza lilikubali kupeleka maji kilimani, na vijana wa mtaa wakaajiriwa kuchimba mitaro.

Si wote waliopata. Wapo waliohama kwenda kutafuta kwingine. Baba yake Twiga naye alipita kipindi kigumu, kama alivyoonywa. Wateja wake wa zamani waliondoka, na kwa miezi kadhaa alishona viraka tu. Lakini wachimba mitaro walihitaji buti, na kazi yake ikarudi, ikazidi hata ya kwanza. Redio alijifunza kuunga mabomba. Alifanya kazi hiyo akiongea mfululizo, lakini mabomba yake hayakuvuja.

Kisha ikaja asubuhi ile.

Tangi kubwa la akiba la mlimani lilikuwa limemwagwa maji lisafishwe, na Bwana Pampu, sasa fundi mkuu, alikuwa huko juu na mafundi wake. Pampu zote isipokuwa moja zilikuwa zimezimwa au zimefunguliwa, zinangoja vipuri. Jiji lilitegemea hiyo moja peke yake. Ukumbini walikuwapo Twiga na wenzake wawili wa darasani, waliochukuliwa kazini pamoja naye.

Twiga alisikia kabla ya kuona. Mngurumo ukawa mwepesi, mkavu, kama gari linalozunguka tairi kwenye matope. Aligeuka. Sindano ya geji ilikuwa inaanguka. Ikagusa sifuri. Pampu ilikuwa inazunguka, lakini haikuwa inasukuma maji.

Simu ikalia. Twiga akainua mkono wa simu.

"Hapa ni hospitali, wodi ya wazazi!" alisema muuguzi upande wa pili. "Maji yamekatika, na nina mama anajifungua! Injinia yupo?"

"Hayupo, dada."

"Fundi mkuu?"

"Yuko mlimani."

"Mungu wangu! Kwa hiyo hapo hakuna mtu?"

Twiga aliwatazama wenzake. Mmoja alikuwa amekwisha kushika spana. Mwingine alikuwa anamtazama yeye, akisubiri neno.

"Tupo sisi," Twiga alisema. "Maji yanakuja."

Akaweka simu chini. "Zima mota! Funga vali ya kutolea! Hewa imeingia."

Alijua sauti ile. Pampu ikiingiwa na hewa tumboni haivuti maji, inazunguka bure. Aliteremka ngazi mbio hadi kwenye bomba la kunyonyea. Alipitisha kiganja kilicholowa maji kwenye kila kiungo. Kwenye kiungo kimoja alisikia baridi nyembamba, hewa ikivutwa ndani. Boliti zilikuwa zimelegea. Walizikaza wote pamoja, hadi chuma kikagoma kwenda zaidi. Kisha walimimina maji ndani ya pampu kwa juu, ndoo baada ya ndoo. Kwenye koki ndogo ya hewa mapovu yalitoka, yakatoka, yakatoka. Twiga hakubandua macho. Mwishowe mapovu yalikwisha, yakaja maji matupu.

"Washa."

Mngurumo ukaanza, safari hii mzito. Twiga alishika gurudumu la vali akalifungua polepole, kidogo, na kidogo tena. Sindano ikatikisika. Ikapanda. Sakafu ikatetemeka chini ya buti zake, na mto mzima ukapita mbele yake kuelekea kwa watu.

Simu ikalia tena.

"Dada," alisema yule muuguzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Subiri usikate. Sikiliza."

Aliusogeza mkono wa simu karibu na bomba lililofunguliwa. Twiga alisikia maji yakianguka ndani ya beseni, na nyuma ya maji, sauti ndogo, kali, ya mtoto mchanga anayelia. Alisikiliza kwa muda. Kisha akampa simu mwenzake wa kwanza asikilize, na huyo akampa wa pili.